Dirisha la Mshahara

Mshahara siku hizi unaingia usiku. Simu inalia saa nne au saa tano, mtu anafumbua jicho, anasoma tarakimu kwenye ujumbe wa benki, anapiga hesabu ya kodi ya nyumba na ada ya shule, kisha anarudi kulala. Kufika asubuhi nusu yake imeshatoka. Alichokatwa hakijui. Ukimwuliza anakujibu kwa kifupi: "Wamekata vitu vyao."

Jibu hilo linaniuma. Nilikuwa karani wa mishahara katika kiwanda cha nguo kwenye Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, enzi ambazo barabara hiyo haijaitwa ya Nyerere, na jibu la namna hiyo hukulisikia pale dirishani kwetu. Watu walikuwa maskini kuliko wa leo, wengi wamesoma kidogo, lakini senti yao iliyokatwa waliifuata kwa macho mpaka ilikokwenda.

Siku mbili kabla ya malipo tulikuwa tunajifungia ofisini. Daftari la mishahara lilikuwa pana kama meza yenyewe, kila mfanyakazi ana mstari wake: mshahara, saa za ziada, kodi, mfuko wa akiba wa NPF, chama, ushirika wa kuweka na kukopa, na mwisho ile safu ya malipo ya awali, maana wengi walikuwa wamekwishachukua "advansi" tangu katikati ya mwezi. Kodi hatukuikokotoa kichwani. Kulikuwa na kitabu cha majedwali. Unaweka rula chini ya kiasi cha mshahara, unakwenda nayo kulia mpaka kwenye kodi ya mwezi, unaandika. Rula ikiteleza mstari mmoja, mtu ameonewa au Serikali imepunjwa, na kwa hiyo tulikuwa tunakaguana wawili wawili, mmoja anasoma, mwingine anatia vema.

Kisha fedha zinakuja kutoka benki na askari, tunazigawa kwenye bahasha za kaki. Juu ya kila bahasha tunaandika kwa mkono yote yaliyomo daftarini, mstari kwa mstari, na chini kabisa kiasi kilichomo ndani. Mtu anafika dirishani, anataja namba yake, anapewa bahasha, anahesabu palepale. Akiridhika anatia saini au dole gumba. Akiondoka dirishani bila kuhesabu, malalamiko hayapokelewi.

Kwa kuwa malalamiko hayapokelewi baadaye, yote yalisemwa pale. Foleni inasimama mtu anauliza. "Ndugu Karani, mwezi jana kodi ilikuwa pungufu ya hii, imepandaje?" Nami naeleza: mwezi jana hukufanya saa za ziada, mwezi huu umefanya, na saa za ziada nazo ni pato. Mara nyingi kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshajibiwa na mwenziwe wa nyuma. Anayejibiwa ni mmoja, waliosikia ni ishirini. Sijui mahali pengine popote ambapo nimeona watu wa kazi wakifundishana mambo ya fedha yao kwa namna ile, bila semina wala posho.

Palikuwa na mzee mmoja wa kitengo cha kusokota nyuzi aliyejifunza kusoma katika madarasa ya kisomo cha watu wazima miaka ya 1970. Alikuja na daftari lake la shule. Anaifungua bahasha, anasoma polepole kwa sauti, ananakili kila kato kwenye daftari kwa penseli, nyuma yake watu wananung'unika, yeye hana haraka. Akifika kwenye NPF ananiuliza kila mwezi swali lilelile: "Hii imeshakwenda, binti, au bado iko hapa?"

Swali hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko yote. Lakini kwanza niseme yale makato ni nini, maana nimegundua kwamba hata wasomi wa chuo kikuu hawayajui.

Kato la kwanza ni kodi ya mapato ya ajira, ambayo Mamlaka ya Mapato inaiita Lipa Kadiri Unavyopata na watu wote wanaiita PAYE. Zamani kodi ya mapato ilikusanywa kwa pamoja na idara ya Afrika Mashariki nzima, kisha Tanzania ikatunga sheria yake ya 1973, na baadaye ikaja ya 2004 inayotumika sasa. Mamlaka yenyewe, TRA, ilianza kazi Julai 1996. Mwajiri anaikata kodi hiyo mwisho wa mwezi, na anatakiwa awe ameifikisha ndani ya siku saba za mwezi unaofuata. Fedha hiyo haiwi yake hata kwa saa moja.

Haki inanitaka niseme kwamba kodi yenyewe imepungua. Watu wa rika langu tunapenda kudai kwamba zamani kila kitu kilikuwa nafuu. Kwa hili si kweli. Kiwango cha daraja la chini kiliwahi kuwa asilimia 18.5. Kufikia 2015 kilikuwa asilimia 11, mwaka 2016 kikashushwa hadi 9, na Julai 2021 hadi 8. Julai 2020 kiwango cha mshahara usiotozwa kodi kilipandishwa kutoka shilingi 170,000 hadi 270,000 kwa mwezi, na madaraja yote ya juu yakasogezwa. Mtu ambaye pato lake la kutozwa kodi ni shilingi 800,000 alikuwa akikatwa 122,100 mwaka 2019. Kwa viwango vilivyoanza 2021 anakatwa 78,000. Hiyo ni tofauti kubwa, na ni wachache mno niliowasikia wakiitaja, kwa sababu hawakujua walichokuwa wakikatwa kabla.

Madaraja hayo ndiyo yaliyotuletea mabishano makubwa kuliko yote pale dirishani. Kijana mmoja wa mitambo ya kufuma alikataa kupandishwa cheo kuwa msimamizi kwa hofu kwamba "nyongeza itanitupa daraja la juu, kodi itakula mshahara wote." Hofu hiyo ipo mpaka leo, nimeisikia kwa wauguzi na walimu. Nitumie viwango vya sasa. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Zinazofuata mpaka 520,000 zinatozwa asilimia 8, yaani 20,000 zote zikitimia. Kutoka hapo mpaka 760,000 ni asilimia 20, kisha asilimia 25 mpaka milioni moja, na juu ya milioni ni asilimia 30. Pato lako la kutozwa kodi likipanda kutoka 520,000 hadi 540,000, asilimia 20 inagusa zile 20,000 zilizoongezeka tu. Kodi inapanda kwa 4,000, wewe unabaki na 16,000 ambazo hukuwa nazo. Hakuna nyongeza ya mshahara inayomrudisha mtu nyuma kwa sababu ya daraja la kodi. Yule kijana tulimweleza, na foleni nzima ikamweleza, akaenda kuchukua cheo chake.

Nani anamweleza kijana wa leo?

Mwaka jana binti wa kaka yangu alipata ajira yake ya kwanza, ofisi ya watu binafsi mjini, mshahara shilingi 900,000. Mwisho wa mwezi akanipigia simu karibu analia. "Shangazi, wameniingizia laki tano na sabini na sita na mia tano. Laki tatu na ushee imekwenda wapi?" Nikamwambia alete karatasi. Karatasi hana, imetumwa kwa barua pepe, imefungwa kwa nywila, hajawahi kuifungua. Tukaifungua pamoja, tukakaa nayo mezani kama nilivyokaa na wale wa zamani.

Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10: shilingi 90,000. Hii hutolewa kwanza, kabla ya kodi, kwa hiyo kodi haikupigwa kwenye 900,000. Ilipigwa kwenye 810,000. PAYE yake ikawa 68,000 za madaraja ya chini, na asilimia 25 ya zile 50,000 zilizozidi 760,000, jumla 80,500. Alishangaa. Alidhani kodi ndiyo iliyommaliza, kumbe kodi haikufika hata asilimia 9 ya mshahara wake. Kilichomkata zaidi ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara, shilingi 135,000. Alisoma kwa mkopo huo na analijua deni. Asichokijua ni kwamba tangu sheria ilipobadilishwa 2016 kato limepanda kutoka asilimia 8 hadi 15, na kwamba anaweza kuangalia mtandaoni kila mwezi deni limebaki kiasi gani. Mwisho asilimia 2 ya chama cha wafanyakazi, 18,000. "Lakini mimi sijajiunga na chama chochote, Shangazi." Hapo nikamweleza kuhusu ada ya uwakala: penye chama kinachotambuliwa kama mwakilishi wa walio wengi, sheria ya ajira inaruhusu makubaliano ya kumkata ada hata asiye mwanachama, kwa kuwa naye anafaidika na mkataba wa hali bora unaojadiliwa na chama hicho. Unaweza kuupenda utaratibu huo au usiupende, lakini ni wa kisheria, na ukiujua unaweza kwenda mkutanoni kuuliza wanafanyia nini ada yako.

Nikamwonyesha pia kisichoonekana kwenye karatasi yake. Mwajiri naye anachangia NSSF shilingi 90,000 nyingine kwa ajili yake, kwa jumla asilimia 20, na juu ya hapo analipa mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na, akiwa na wafanyakazi kumi au zaidi, tozo ya kuendeleza ujuzi. Hizi mbili za mwisho haruhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti. Nimeona kwa macho yangu karatasi za mshahara, kwingine si kwa binti yetu, ambamo mfanyakazi amekatwa mchango wa fidia. Huo ni wizi, na unapita kwa sababu hakuna aliyesoma.

Sasa nirudi kwenye swali la yule mzee. Imeshakwenda, au bado iko hapa?

Dirisha letu lilifungwa miaka ya 1990. Mishahara ikahamia benki, na hilo lilikuwa jambo jema kwa usalama. Majambazi walikuwa wakizijua tarehe zetu vizuri kuliko sisi. Kwa muda tukabaki na karatasi zilizochapwa kwa kompyuta, zile zenye matundu pembeni, kila mtu anachukua ya kwake. Kisha viwanda vikaanza kubinafsishwa, wengine tukaenda kwa waajiri wengine. NPF, iliyokuwepo tangu 1964 na kumlipa mtu akiba yake yote kwa mkupuo, ikageuka NSSF kwa sheria ya 1997, na NSSF inatoa pensheni ya kila mwezi. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa, na yalikuja na sharti moja ambalo kila mfanyakazi alipaswa kulijua: ili upate pensheni ya uzee, uwe umechangiwa miezi isiyopungua 180. Miaka kumi na mitano.

Katika kiwanda kingine nilikofanyia kazi baadaye, ambacho sitakitaja jina, palikuwa na mama mmoja wa kitengo cha kushona. Alianza pale mfuko ulipokuwa umeshageuka NSSF, akakaa kwenye cherehani ileile mpaka akafikisha miaka 60. Kwa kalenda alikuwa amepita miezi 180 na zaidi. Kila mwezi katika miaka hiyo yote karatasi yake ilionyesha NSSF asilimia 10 imekatwa. Alipokwenda kufungua madai akakuta miezi yake haifiki. Kulikuwa na vipindi, hasa pale biashara ilipokuwa mbaya, ambapo kampuni ilikata na haikupeleka. Fedha yake ilinunua mafuta ya jenereta na kulipa madeni ya watu wengine. Alirudi kuulizia, menejimenti ilikuwa imebadilika. Akaulizwa ana karatasi za miezi ile? Hakuwa nazo. Alipewa mafao ya mkupuo kwa michango iliyoonekana, na pensheni ya kila mwezi akaikosa.

Nilikwenda kumwona kwake Vingunguti. Hakulaumu mtu. Alisema tu, "Si walikuwa wanakata?" Kwake kukatwa na kufika vilikuwa kitu kimoja. Ndivyo wengi wanavyoamini hata leo, na ndiyo sababu naandika.

Makato hayafanani yanapopotea njiani. Mwajiri akikata PAYE asiifikishe TRA, Mamlaka itamwandama yeye, kwa faini na riba, na wewe hutatozwa mara ya pili. Akikata mkopo wa elimu asiupeleke, deni lako linabaki palepale ingawa wewe umeshalipa. Akikata NSSF asiipeleke, mfuko una uwezo wa kumdai na kumshitaki, lakini lazima kwanza ijulikane, na mtu wa kwanza anayeweza kujua ni wewe. Usipojua mapema, unakuja kujua ukiwa na miaka 60 na mkoba mkononi.

Yule mzee wa nyuzi alikuwa amelielewa hilo bila kusoma sheria yoyote. Kiwanda chetu kilipoanza kuyumba, alikuwa na daftari lake na bahasha zake zote za kaki kwenye mfuko wa nailoni. Palipotokea miezi isiyoonekana kwenye mfuko, alizipanga mezani moja baada ya nyingine mbele ya maofisa, mwaka kwa mwaka, mwandiko wangu na wa wenzangu juu yake. Alilipwa. Wenzake waliozichana bahasha njiani kurudi nyumbani, baadhi walizunguka ofisi kwa muda mrefu na baadhi waliacha.

Nikifikiria tulichopoteza tangu siku zile, sioni sababu ya kutamani foleni, wala jua la saa nane, wala hesabu za rula. Kompyuta inakokotoa PAYE bila kuteleza mstari, na hilo ni zuri. Ninachosikitikia ni kwamba vifaa vya kujua vimekuwa vingi kuliko wakati wowote, na wanaovitumia wamekuwa wachache. Mzee alilazimika kuniamini mimi au kungoja mpaka mfuko utoe taarifa. Binti wa kaka yangu anaweza kuona michango yake ya NSSF kwa simu akiwa amekaa kwenye daladala, na hakuwa akiifungua. Wala simlaumu yeye. Shuleni hakufundishwa, chuoni hakufundishwa, kazini alipewa mkataba wa kutia saini na kitambulisho cha kuvaa shingoni. Mfanyakazi wa Tanzania mwenye ajira moja tu hatakiwi kupeleka TRA ritani ya mwaka. Marekani mfanyakazi analazimika kukaa na fomu zake kabla ya tarehe 15 Aprili na kuijua kodi yake atake asitake. Sisi tumeondolewa usumbufu huo, na kwa hiyo ile karatasi ya mwezi ndiyo mahali pekee tunapokutana na kodi yetu. Tusipoisoma hapo, hatuisomi popote.

Tena mishahara tumeigeuza siri. Zamani kila mtu alijua kima cha kila mtu, kwa sababu bahasha ilisomwa dirishani. Leo wawili wanakaa dawati moja miaka mitano, mmoja anakatwa visivyo, mwenzake hawezi kugundua kwa kuwa hawajawahi kulinganisha. Wengine wameingia kwenye mikopo ya kausha damu wakidhani mshahara hautoshi, ilhali kuna kato ambalo lingesimamishwa kwa barua moja.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayeajiriwa, mwezi huu usiishie kwenye ujumbe wa benki. Dai maelezo ya maandishi ya mshahara wako. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakupa haki hiyo, na kifungu cha 28 kinasema ni makato yapi yanaruhusiwa. Yahifadhi, hata kama ni picha kwenye simu, lakini nakala moja iwe mahali pasipoibiwa pamoja na simu. Kisha fungua taarifa yako ya NSSF, au ya PSSSF kama u mtumishi wa umma, na uhesabu miezi, mmoja mmoja, tangu ulipoanza kazi. Ukikuta mwezi umekatwa na haupo, usingoje nyongeza wala Mei Mosi. Andika, peleka kwenye mfuko wenyewe ukiwa na karatasi mkononi, na kama mko wengi nendeni pamoja.